Tabaka linapotoa ushahidi unaopingana: utatuzi wa matatizo katika kutambua mazingira ya kale ya mashapo

Anayesoma miamba tabaka huishia kwenye swali moja: mashapo haya yalitulia wapi? Mtoni, ziwani, jangwani, kwenye wangwa, au kilindini ambako mwanga haufiki? Jibu linapogoma kupatikana, ni mara chache kosa kuwa ni uhaba wa data. Mara nyingi msomaji ameruka hatua moja. Umbo lililobaki kwenye mwamba ni alama ya tendo, kama vile mkondo kupungua kasi, wimbi kwenda na kurudi, au tope kukauka juani. Na tendo moja hutokea mahali pengi. Kwa hiyo kila dalili iliyoelezwa hapa chini imewekwa pamoja na visababishi vinavyoweza kuizaa na uchunguzi unaotenganisha kisababishi kimoja na kingine.

Kabla ya yote: je, hilo ni tabaka kweli?

Maji yanayopenya ndani ya mwamba baada ya kugumu huacha chuma katika mistari iliyopinda, yenye rangi ya kutu, ambayo kwa mbali hufanana kabisa na matabaka mshazari, yaani matabaka membamba yaliyoinama ndani ya tabaka kubwa. Niliwahi kujaza ukurasa mzima wa daftari nikiita mistari hiyo matuta ya mchanga wa mtoni, na hata mwelekeo wa mkondo nikaupima, kabla sijaumwagia maji uso wa jiwe na kuutazama kwa lenzi ya mkono. Punje zilikuwa na ukubwa uleule pande zote mbili za kila mstari, na vipande vya ulanga, madini ya magamba membamba yanayong'aa, vilikuwa vimelala sambamba na mpaka mwingine kabisa, uliopita katikati ya mistari ile bila kuifuata. Tabaka la kweli hubadilisha punje, au madini, au mpangilio wa punje. Rangi peke yake haitoshi.

Katika maeneo yaliyokunjwa, hakikisha pia kwamba unajua upande wa juu ni upi. Tabaka lililopinduliwa husomwa kinyume, na mfuatano wa maji kuongezeka kina ukageuka kuwa mfuatano wa maji kupungua. Nyufa za tope lililokauka husaidia sana hapa, kwa kuwa hupungua upana kuelekea chini na hujazwa mchanga wa tabaka lililokuja juu yake.

Dalili: mchanga wenye matabaka mshazari makubwa, na hujui kama ni kazi ya upepo au ya maji

Matuta ya jangwani ndiyo yanayokuja akilini kwanza, hasa kwa aliyewahi kuona picha za mwamba wa Navajo wa magharibi mwa Marekani, ambao ni wa kipindi cha Jura na una seti za matabaka mshazari zinazozidi mita 10. Lakini ukubwa hautoshi kuwa ushahidi, kwa sababu mikondo ya bahari yenye nguvu nayo hujenga matuta makubwa ya mchanga chini ya maji. Mwinamo nao hudanganya. Mchanga mkavu huporomoka ukifikia takriban nyuzi 34, na wengi hukataa upepo wanapopima nyuzi 22 au 25, wakisahau kwamba uzito wa mashapo ya juu huyabana ya chini na kuupunguza mwinamo, na kwamba mara nyingi kilele cha tuta, palipo na mwinamo mkali zaidi, kilikuwa kimekwisha kufutwa kabla tuta halijafukiwa. Punje zenye uso uliofifia kama kioo kilichosuguliwa pia hazikati shauri, kwa kuwa mto unaweza kuzichukua kutoka kwenye jangwa la zamani, na kemia ya ndani ya mwamba inaweza kuzififisha bila upepo wowote.

Uchunguzi ninaouamini zaidi ni wa karibu sana, wa milimita. Vijiwimbi vya upepo vinaposogea huku mchanga ukiongezeka, huacha tabaka jembamba mno, aghalabu la milimita chache, ambalo punje zake kubwa zimekaa juu na ndogo chini. Mpangilio huo ni kinyume cha ule unaoachwa na mkondo wa maji unaopungua nguvu, na ukirudiwa tabaka baada ya tabaka ni vigumu kuupatia mwenyewe mwingine zaidi ya upepo. Kisha tafuta ulanga. Upepo huusaga na kuupeperusha, kwa hiyo mchanga wenye ulanga mwingi juu ya nyuso za matabaka unapaswa kukutia shaka kuhusu jangwa. Mwisho, angalia matabaka bapa yaliyo kati ya seti moja na nyingine: bonde lililo kati ya matuta ya jangwani huweza kuwa na nyufa za tope, chumvi au nyayo, mambo ambayo hayatarajiwi kati ya matuta ya chini ya bahari.

Dalili: tabaka linaanza na punje kubwa na kuishia na tope

Kila mkondo unaopoteza kasi hudondosha punje kubwa kwanza, kwa hiyo alama hii inathibitisha kupungua kwa kasi na si zaidi. Inaweza kuachwa na mto uliovunja kingo na kumwaga mchanga uwandani, na dhoruba iliyokokota mchanga wa ufukweni hadi kwenye maji ya kina cha wastani, au na mkondo mzito wa maji na mashapo ulioteremka kwenye mteremko wa bahari. Matokeo ya kisababishi hiki cha mwisho huitwa turbiditi.

Mwaka 1962 Arnold Bouma alieleza mfuatano wa sehemu tano ndani ya turbiditi, na tangu hapo wanafunzi wamekuwa wakizihesabu kama vidole vya mkono. Wakikosa mbili hukata tamaa, ingawa matabaka mengi ya kweli yamekosa sehemu moja au zaidi, hasa yale yaliyotua mbali na chanzo. Badala ya kuhesabu, chunguza uso wa juu wa tabaka. Ukiona vijiwimbi vyenye migongo mikali na pande zinazolingana, mawimbi yalifika hapo chini, na hilo pekee linaiondoa bahari kuu. Ukiona vilima na mabonde mapana, yenye mwinamo mdogo, yaliyopindana bila kuelekea upande mmoja, fikiria dhoruba. Mizizi au nyufa za kukauka hukuleta nchi kavu. Kisababishi cha turbiditi hupata nguvu pale tu ambapo juu kuna vijiwimbi vya mkondo wa upande mmoja na kufuatiwa na tope lisilo na dalili yoyote ya mawimbi, na hayo yakajirudia kwa unene mkubwa wa mwamba. Hata hapo, umethibitisha mteremko na maji yaliyotulia. Bahari bado hujaithibitisha, kwa maana maziwa yenye kina nayo yana turbiditi zake.

Inafaa kukumbuka kwamba hadi katikati ya karne ya 20 wanajiolojia wengi waliamini kuwa mchanga ni alama ya maji ya kina kifupi. Tarehe 18 Novemba 1929, tetemeko la ardhi lilitokea karibu na Grand Banks, kusini mwa Newfoundland, na nyaya 12 za simu za maandishi zilizolala baharini zikakatika. Zilizokuwa karibu na kitovu zilikatika papo hapo, na zilizokuwa chini zaidi kwenye mteremko zikakatika moja baada ya nyingine kwa muda wa zaidi ya saa 13. Mwaka 1952 Bruce Heezen na Maurice Ewing waliusoma mpangilio huo wa saa kama nyayo za mkondo mmoja wa mashapo uliokuwa ukiteremka. Mchanga ulikuwa na njia ya kufika kilindini.

Hapo ndipo inapotatuliwa dalili nyingine inayofanana: foraminifera (viumbe vidogo sana vya baharini vyenye magamba) wa maji ya kina kifupi ndani ya mchanga, na wa maji ya kina kirefu ndani ya tope lililo juu yake. Hao wa kwanza walisafirishwa. Liamini tope, kwa kuwa ndilo lililotua polepole mahali pake.

Dalili: matabaka membamba yanayonenepa na kukonda kwa mzunguko

Ziwa lililo mbele ya barafu hupokea mchanga laini barafu inapoyeyuka na tope laini zaidi majira ya baridi, kwa hiyo jozi moja ya matabaka ni mwaka mmoja. Pwani nayo hutengeneza jozi: maji yanapojaa au kupwa kwa nguvu huleta mchanga, na yanapotulia hushusha tope. Kwa macho jozi hizi mbili hufanana, ingawa moja ni ya miezi 12 na nyingine ya saa 12 hivi, na anayekosea hapa hukosea muda kwa mamia ya mara.

Kosa hilo lilifanyika, na likasahihishwa na mwenyewe, katika miamba ya Elatina ya kusini mwa Australia, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 600. George Williams aliona makundi ya matabaka takriban 12 yakijirudia, akalisoma kila tabaka kama mwaka, na mzunguko ukakaribia ule wa madoa ya jua wa miaka 11 hivi. Maelezo yalivutia: yalionekana kuwa kumbukumbu ya jua la kale iliyohifadhiwa katika ziwa la barafu. Baadaye, miaka ya 1980 ikielekea mwisho, yeye mwenyewe aliisoma upya kama kazi ya maji kujaa na kupwa. Kila kundi lilianzia maji mafu (siku ambazo maji hujaa na kupwa kidogo), likapanda hadi bamvua (siku ambazo hujaa na kupwa sana), likarudi maji mafu. Na idadi ilikuwa pungufu kuliko siku za nusu mwezi kwa sababu siku za maji mafu mkondo haukuwa na nguvu ya kuleta mchanga wa kutosha. Kutokana na usomaji huo alikadiria kuwa siku ya wakati ule ilikuwa na saa 21.9 na mwaka ulikuwa na siku takriban 400, jambo linaloafikiana na tunavyojua kuhusu dunia kupunguza kasi ya kujizungusha.

Njia ya kutenganisha ni kupima unene wa kila tabaka, kwa mamia, kisha kuchora unene dhidi ya namba ya tabaka. Miaka ya ziwani hupanda na kushuka bila utaratibu mkali, kwa kuwa joto la majira halifuati saa. Bamvua na maji mafu huchora mawimbi yanayopishana kwa ukaribu, na mahali ambapo maji hujaa mara mbili kwa siku bila kulingana, tabaka nene na jembamba hupokezana ndani ya wimbi hilohilo. Tafuta pia tando za tope zinazokuja kwa jozi, mbili karibukaribu zikiwa na mchanga kidogo kati yake: maji husimama mara mbili katika kila mzunguko, na kila yanaposimama tope hushuka.

Wengi hutafuta matabaka mshazari yanayoelekea pande mbili kinyume, kama mifupa ya samaki, na wasipoyaona hufuta pwani kwenye orodha. Si sahihi. Maji yanayojaa na yanayopwa mara nyingi hutumia mikondo tofauti, na mmoja hutawala mahali fulani, kwa hiyo mwelekeo mmoja ni jambo la kawaida hata katikati ya pwani yenye bamvua kubwa.

Dalili: rangi inasema jambo moja, mengine yote yanasema jingine

Iache rangi. Wekundu ni hematiti, madini ya chuma, na hematiti inaweza kukua mamilioni ya miaka baada ya mashapo kufukiwa; zaidi ya hayo, sakafu ya bahari kuu ina udongo mwekundu wake. Wekundu unaofuatana na mizizi na vinundu vya chokaa vya udongo wa kale unafaa kutumiwa. Wekundu unaokata mipaka ya matabaka haufai. Weusi nao ni upungufu wa oksijeni, si kina. Katika Bahari Nyeusi oksijeni huisha kwenye mita 150 hadi 200 hivi, ingawa kina chake kinazidi mita 2,000, na kinamasi cha nusu mita huweza kuwa na tope jeusi vilevile. Piriti, madini ya chuma na salfa, ikiwa nyingi huelekeza baharini, kwa kuwa maji ya bahari yana salfati nyingi, lakini ziwa la chumvi laweza kukuhadaa.

Dalili: chumvi nene, na hujui kama bahari ilikauka au ilikuwa na kina

Anza na hesabu. Safu ya maji ya bahari yenye urefu wa mita 1,000 ikikauka yote huacha chumvi ya unene wa takriban mita 15 tu. Jasi huanza kutua maji yakiwa yamepungua hadi kati ya theluthi na humusi ya ujazo wa awali, na chumvi ya mawe yanapobaki takriban sehemu ya kumi. Kwa hiyo ukikuta chumvi ya mamia ya mita, bahari moja iliyokauka mara moja haitoshi kuieleza. Lazima maji yaliendelea kuingia. Hili ndilo lililowasumbua waliochimba chini ya Mediterania mwaka 1970 kwa meli ya Glomar Challenger, walipokuta jasi na chumvi chini ya bahari kuu. Umri wake, kati ya miaka milioni 5.97 na 5.33 iliyopita, sasa unajulikana vizuri, lakini swali la kiasi gani bahari ilishuka wakati huo linaendelea kubishaniwa.

Muundo wa vinundu vya anhidriti, yaani jasi isiyo na maji, vilivyobanana kama matundu ya wavu hutajwa kama alama ya wangwa wa jangwani. Ni kweli mara nyingi, ila jasi iliyofukiwa kwa kina nayo hupoteza maji na kuchukua sura hiyohiyo. Kagua kama vinundu vinasukuma matabaka yaliyo juu yake na kama juu yake kuna uso uliomomonyoka, kabla hujaamua. Na ukikuta magadi, suala la bahari limekwisha: maji ya bahari hayatoi magadi yanapokauka, kwa sababu kalisi yake humaliza kabonati mapema. Magadi ni ya ziwa, kama yale ya kipindi cha Eosini katika miamba ya Green River huko Wyoming.

Dalili: mawe ya kila ukubwa yamezama ndani ya tope gumu

Mwamba wa namna hii huweza kuwa mzigo wa barafu, au poromoko la tope lililoteremka mlimani au chini ya bahari. Mchanganyiko wenyewe haukuambii lolote. Miamba ya Dwyka ya kusini mwa Afrika inakubalika kuwa ya barafu kwa sababu ya mambo yanayoizunguka: sakafu ya mwamba iliyokwaruzwa mistari sambamba, mawe yenye nyuso zilizosagwa bapa, na matabaka laini yenye mawe yaliyodondoka kutoka kwenye barafu iliyoelea.

Jiwe lililodondoka linahitaji jicho makini. Matabaka ya chini yake yanapaswa kuwa yamebonyea au kukatika, na ya juu yake yamelifunika taratibu. Kama matabaka yamepinda kwa kiasi kilekile juu na chini, basi ni mgandamizo wa baadaye ulioyabana kulizunguka. Jiwe moja linaweza pia kuwa limebebwa na mizizi ya mti uliokuwa ukielea, ingawa hoja hiyo haipo kwa miamba iliyotangulia miti.

Dalili: visukuku vya nchi kavu na vya baharini katika mfuatano mmoja

Mifupa ya dinosaria ya Tendaguru, kusini mwa Tanzania, iliyochimbwa na msafara wa Wajerumani kati ya mwaka 1909 na 1913, imo katika matabaka yanayopishana na mchanga wenye makombe ya baharini. Hakuna mgongano hapo. Pwani ilisogea mbele na kurudi nyuma. Mgongano wa kweli ni pale vyote viwili vinapokuwa ndani ya tabaka moja. Tazama kome au chaza: jozi iliyofungana na kukaa jinsi ilivyoishi haikutoka mbali, ilhali kipande kilicholainishwa kingo huenda kilitoka mbali, au hata kwenye mwamba mzee zaidi. Alama za mashimo ya wanyama mchangani husafirishwa kwa nadra mno, na ndiyo maana nazipa uzito kuliko makombe.

Dalili: majirani ambao hawakupaswa kukutana

Mwaka 1894 Johannes Walther aliweka kanuni kwamba mashapo yanayofuatana kwenda juu bila kukatizwa ni yale yaliyokuwa yakikaa ubavuni kwa wakati mmoja. Ukikuta makaa ya mawe yamefunikwa moja kwa moja na tope la bahari yenye kina, kuna mambo matatu ya kukagua: tafsiri mojawapo ni potofu, mpasuko umeyasogeza matabaka, au muda umepotea. La tatu hutokea zaidi kuliko inavyodhaniwa. Piga magoti kwenye mpaka wenyewe. Meno ya papa, fosfati, punje za kijani za glaukoniti (madini ya baharini), au mashimo yenye kuta kali yaliyochimbwa kwenye tope lililokwisha kugumu kidogo, yote huonyesha kwamba mashapo yalikoma kutua hapo kwa muda mrefu. Mpaka wa sentimita tano waweza kuwa na muda mrefu kuliko mita 50 zilizo juu yake.

Dalili: mchoro wa kisima hauafikiani na kiini cha mwamba (kipande kirefu kilichotolewa humo)

Mionzi ya gama, inayopimwa ndani ya kisima na kuchorwa kufuata kina, huongezeka kwenye tope kwa sababu ya potasiamu, toriamu na urani, lakini mchanga wenye ulanga, feldispa au glaukoniti nyingi huonekana kwenye mchoro kama tope. Kwa hiyo lilinganishe umbo la mchoro na vipimo vingine vya kisima, hasa msongamano, kabla ya kulipa jina. Umbo la faneli, yaani mchanga unaoongezeka kuelekea juu, huachwa na delta inayosonga mbele, na ufukwe unaojijenga, na mchanga uliomwagika uwandani, na hata na mashapo ya chini ya mteremko wa bahari. Unene husaidia kiasi: faneli ya mita mbili si delta kubwa. Kiini kikikosekana, andika tafsiri zote zilizobaki, na kando ya kila moja taja kitu kimoja ambacho kikionekana katika kisima kijacho kitaiangusha.